Je, Dhahabu Imepanda au Shilingi Imeshuka?

(Maneno ya mazungumzo kwa wasikilizaji wa pwani ya Malindi na Kilifi)



Swali ninalotaka kulieleza leo huulizwa mara nyingi katika miji yetu, hasa wazazi wanapoketi kupanga mahari, au mama anapotaka kuuza bangili zake ili alipe karo ya shule. Huulizwa hivi: kwa nini dhahabu imekuwa ghali namna hii? Sonara huiweka bangili ya zamani katika mizani, kisha hutaja bei ambayo ingaliwashangaza sana wale walioinunua kwanza. Ndipo watu husema kwamba dhahabu imepanda. Nami nawaomba tuligeuze swali hilo kidogo. Je, ni dhahabu iliyopanda, au ni shilingi iliyoshuka?

Huu si mchezo wa maneno. Mtu anayeweka akiba yake yote katika noti, na yule anayeiweka yote katika dhahabu, wote wawili wana hatari mbele yao, lakini hatari zao hazifanani. Yafaa kila mmoja aijue ya kwake kabla haijamfika.

Kazi ya kufasiri hunizoeza kuyatazama maneno, basi na tuanze na neno lenyewe. Katika lugha yetu neno "fedha" lina maana mbili: ni madini meupe ambayo sonara hufua pete na vikuku, tena ni kitu cha kununulia. Si ajabu, kwani hapo zamani vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja. Reale zilizotumika katika pwani hii katika karne ya 19, zile zenye sura ya Maria Theresa, zilikuwa za madini ya fedha. Rupia za Bara Hindi nazo zilikuwa za fedha. Mwaka 1888 kampuni ya Imperial British East Africa ilipiga sarafu zake zenye jina la Mombasa, rupia za fedha na pesa za shaba. Aliyepokea rupia alipokea uzito wa madini mkononi mwake. Noti ni kitu cha namna nyingine. Noti ni ahadi iliyoandikwa juu ya karatasi, na thamani yake hutegemea uaminifu na kiasi cha yule anayeiandika.

Sasa tutazame jinsi wingi unavyoweza kuishusha thamani ya kitu kinachotumiwa kama fedha. Mfano mzuri umetoka katika fukwe zetu wenyewe. Maji yakitupa, watoto huokota kauri kando ya bahari, wala hakuna anayezihesabu kuwa mali. Lakini katika Afrika ya Magharibi kauri zilikuwa fedha halisi kwa karne nyingi. Zilitoka hasa katika visiwa vya Maldives, na kwa kuwa zilisafirishwa mbali sana, hazikuzidi kipimo. Katika miaka ya 1840 wafanya biashara wa Hamburg waligundua kwamba kauri za pwani ya Afrika ya Mashariki, zilizopatikana kwa bei ndogo sana Unguja, zilipokelewa huko pia. Wakazipakia merikebuni kwa maelfu ya tani na kuzipeleka Lagos na Whydah ili kununulia mafuta ya mawese.

Kwa muda faida ilikuwa kubwa mno. Kisha likatokea lile ambalo lazima litokee. Kauri zikawa nyingi kuliko bidhaa, bei zikapanda, na kitu kilichonunuliwa kwa kauri chache kikahitaji mzigo mzima. Waliofaidika ni wale walioleta kauri mpya mwanzoni, bei zilipokuwa bado za zamani. Walioumia ni wale waliokuwa wamezifukia kauri nyumbani kama akiba ya uzee. Hakuna mtu aliyewaibia kauri hata moja. Zote zilikuwapo palepale zilipofukiwa, ila thamani yake ilikuwa imekwenda.

Mfano wa pili umelala katika mchanga wa Mambrui, kaskazini ya Malindi. Mwaka 2010 wachimbuaji wa mambo ya kale wa Kenya na Uchina walipata hapo sarafu moja ya shaba yenye tundu la mraba katikati, ya zamani za mfalme Yongle. Huyu ndiye mfalme aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415. Wasomaji wengi wamesikia habari za sarafu hiyo, lakini wachache hujua kwamba nchi ya Yongle ilikuwa pia na noti. Tangu mwaka 1375 serikali ya Uchina ilikuwa ikitoa noti za karatasi ambazo hazikuweza kubadilishwa kwa fedha wala dhahabu. Serikali ilizitoa kwa wingi kulipia matumizi yake, wala haikuzirudisha kwa kipimo hicho. Wakati merikebu za Kichina zilipokuwa zikifika katika pwani yetu, noti zile zilikuwa zimekwisha poteza sehemu kubwa sana ya thamani yake, na baadaye watu wakaziacha, wakarudi katika madini.

Hata hivyo, tusifanye haraka kusema kwamba kila bei inayopanda imepandishwa na wingi wa fedha. Wavuvi wetu wanajua zaidi. Wakati wa kusi bahari huchafuka, mashua haziendi mbali, na nguru hupanda bei katika soko la Malindi. Hapo fedha haikuongezeka, bali samaki wamepungua. Kaskazi ikirudi na bahari ikatulia, bei hushuka tena. Kwa hiyo bei ya kitu chochote hupanda kwa sababu mbili: kitu chenyewe kimekuwa haba, au fedha ya kukinunulia imekuwa nyingi.

Dhahabu ina tabia yake ya pekee. Samaki huliwa akaisha, mahindi huliwa yakaisha, lakini dhahabu hailiwi wala haipati kutu. Karibu yote iliyochimbwa tangu zamani za kale ingalipo hata leo, katika maghala ya benki, katika masanduku ya kina mama, na katika masikio na shingo za watu. Wataalamu hukadiria kwamba ni tani 200,000 na zaidi. Migodi ya dunia nzima huongeza tani 3,500 hivi kwa mwaka, yaani chini ya sehemu mbili katika mia. Basi dhahabu haina kusi wala kaskazi. Haiwezi kuwa haba kwa ghafula, wala haiwezi kuwa tele kwa ghafula. Bei yake inapopanda sana ndani ya miaka michache, yafaa tutazame upande wa pili wa mizani, mahali ilipo fedha, na mioyo ya watu wanaoishika fedha hiyo.

Fedha huongezekaje? Wengi hudhani ni kazi ya mtambo wa kupiga noti peke yake. Noti ni sehemu ndogo tu. Mtu akikopeshwa shilingi 100,000 na benki, benki huandika kiasi hicho katika hesabu yake, na tangu saa ile anaweza kukitumia. Fedha mpya imezaliwa kwa kalamu. Akilipa deni, fedha hiyo hupungua tena. Fedha tunazotumiana kwa simu kwa njia ya M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, hazizaliwi hivyo, kwa sababu kila shilingi iliyo katika simu hulingana na shilingi iliyowekwa benki. Lakini serikali ikikopa kutoka kwa Benki Kuu ili kulipia matumizi yaliyozidi kodi, fedha mpya huingia sokoni. Wingi huo wote, yaani noti, sarafu na akiba za watu katika benki, ndio wanaouita wataalamu wingi wa fedha. Ukiongezeka sawasawa na mazao na kazi za nchi, hauna madhara. Ukikimbia mbele ya mazao, bei huufuata.

Sasa tuipime shilingi yetu wenyewe kwa dhahabu. Kipimo kinachotumika duniani ni wakia ya gramu 31 na kidogo.

Shilingi ya Afrika ya Mashariki ilianza mwaka 1921, chini ya Halmashauri ya Sarafu iliyoundwa London mwaka 1919. Ilifungwa na fedha ya Uingereza, shilingi 20 kwa pauni moja. Pauni iliporudi katika kipimo cha dhahabu mwaka 1925, wakia moja ilikuwa shilingi 85 hivi. Mwaka 1931 Uingereza iliacha dhahabu, na shilingi yetu ikaburutwa pamoja na pauni. Baada ya vita vikuu vya pili wakia ilikuwa shilingi 172 hivi. Mwezi wa Septemba 1949 pauni ilishushwa kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80, na wakia ikawa karibu shilingi 250. Mkulima wa Kilifi hakuulizwa shauri lolote juu ya jambo hilo, lakini shilingi mfukoni mwake ilishuka pamoja na ile ya mtu wa London.

Mwaka 1966 Benki Kuu ya Kenya ilianzishwa na noti za Kenya zikatoka. Pauni iliposhushwa tena mwaka 1967, Kenya haikuifuata. Hivyo mwaka 1970 dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14, wakia ilikuwa dola 35, na bei ya wakia kwa shilingi ilikuwa 250 ileile. Dola yenyewe ilikuwa bado imefungwa na dhahabu, kwa maana serikali za nchi nyingine ziliweza kuipeleka Marekani na kupewa dhahabu kwa bei hiyo. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon alikata kamba hiyo. Tangu siku ile hakuna fedha ya nchi kubwa yoyote iliyofungwa na dhahabu.

Mwezi wa Oktoba 2025 wakia ilivuka dola 4,000, na dola moja ilikuwa shilingi 129 hivi. Zidisha hesabu hizo, utapata shilingi 516,000. Kwa wale waliozoea tola, tola moja ya dhahabu safi iliyokuwa shilingi 94 mwaka 1970 ilikuwa zaidi ya shilingi 190,000. Bei imezidi mara 2,000. Je, kina mama walianza kuipenda dhahabu mara 2,000 kuliko bibi zao? La. Hesabu hiyo ina sehemu mbili. Shilingi ilishuka mara 18 mbele ya dola, na dola ilishuka mara 114 mbele ya dhahabu. Katika muda huohuo wingi wa fedha wa Marekani ulitoka dola bilioni 600 hivi hadi dola trilioni 22, yaani uliongezeka zaidi ya mara 35. Hapana shaka basi kwamba sehemu kubwa ya "kupanda" kwa dhahabu ni kushuka kwa karatasi tunayoipimia.

Nchi yetu ina kisa chake kinachokutanisha dhahabu na wingi wa fedha, nacho ni kichungu. Kilianza mwaka 1990. Serikali ilikuwa na desturi ya kuwalipa fidia waliouza bidhaa nje, ili nchi ipate fedha za kigeni. Kampuni iliyoitwa Goldenberg International ilipewa ruhusa ya kuuza nje dhahabu na almasi, na fidia yake ikawa asilimia 35, wakati desturi ilikuwa asilimia 20. Kenya ina dhahabu kidogo, huko Kakamega na Migori, wala haikuwa nchi ya kuchimba almasi. Tume ya uchunguzi chini ya Jaji Samuel Bosire, iliyoanza mwaka 2003 na kutoa taarifa yake mwaka 2006, ilieleza jinsi mabilioni ya shilingi yalivyolipwa kwa mali ambayo haikuuzwa kama ilivyodaiwa. Yaani shilingi zilitoka, na dhahabu haikuonekana.

Fedha hizo, pamoja na zile zilizomwagwa wakati wa uchaguzi wa Desemba 1992, ziliingia katika nchi ambayo mazao yake hayakuongezeka. Mwaka 1993 bei za vitu zilipanda kwa asilimia 46 hivi. Dola iliyokuwa shilingi 36 mwanzoni mwa mwaka ilizidi shilingi 60 kabla ya mwaka kwisha. Ili kuzirudisha fedha zilizozagaa, serikali ililazimika kukopa kwa riba iliyozidi asilimia 70 kwa mwaka, na kodi za wananchi ndizo zilizolipa riba hiyo. Mtu wa Ganze au Magarini ambaye hakuiona hata chembe ya dhahabu ile aliilipia katika unga, sukari na mafuta ya taa. Aliyekuwa na shilingi 100 za akiba mwanzoni mwa mwaka ule alibaki, kwa nguvu ya kununua, na shilingi 68 au 69. Ni kama waliozifukia kauri: hakuibiwa noti hata moja.

Baada ya kusikia hayo, huenda mwingine atasema, "Basi nauza kila kitu ninunue dhahabu." Ndugu yangu, subiri kidogo, kwa maana dhahabu ni shahidi wa kweli, lakini ni shahidi mzito wa kusema, na mara nyingine hunyamaza miaka mingi.

Mwezi wa Januari 1980 wakia ilifika dola 850. Watu wengi duniani walikimbilia dhahabu kwa hofu ya vita na ya kupanda kwa bei. Mwaka 2001 wakia ilipatikana chini ya dola 260. Katika miaka hiyo 21 wingi wa fedha wa Marekani uliongezeka zaidi ya mara tatu, na bado dhahabu ilishuka. Kwa nini? Kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba juu sana, na watu wakaona afadhali kuweka dola yenye faida kuliko dhahabu isiyozaa. Aliyenunua kwa dola 850 alingoja hadi Januari 2008 kuiona bei hiyo tena. Binti aliyezaliwa mwaka ule wa kununua alikuwa amekwisha kuwa mama wa watoto.

Yako na mambo ya karibuni. Katika mwaka 2022 na 2023 wingi wa fedha wa Marekani ulipungua kidogo, jambo ambalo ni nadra, lakini mwisho wa miaka hiyo miwili dhahabu ilikuwa juu kuliko mwanzo wake. Sababu moja ni kwamba benki kuu za nchi nyingi zilikuwa zikinunua dhahabu zaidi ya tani 1,000 kila mwaka, mwaka 2022, 2023 na 2024, kwa kutotaka kutegemea dola peke yake. Kwa hiyo wingi wa fedha, riba, na hofu ya watu huivuta bei hii kwa pamoja. Kwa mwaka mmoja au miwili hofu na riba zaweza kushinda. Kwa kipindi cha maisha ya mtu, wingi wa fedha ndio wenye nguvu zaidi.

Kutokana na hayo, natoa mashauri machache.

Kwanza, dhahabu ifaayo kwa akiba ni ile usiyoihitaji kwa miaka mingi. Karo ya muhula ujao isigeuzwe bangili, wala mtu asikope ili anunue dhahabu, kwa kuwa riba ya mkopo haingoji bei ipande.

Pili, fahamu unachonunua. Dhahabu ya karati 22 ina sehemu 22 za dhahabu safi katika 24. Ile ya karati 18 ina robo tatu tu. Ukinunua mkufu unalipa na kazi ya mikono ya sonara, na siku ya kuuza kazi hiyo mara nyingi hailipwi. Uliza karati, uliza uzito, na uweke stakabadhi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, usiuze kinachozaa ili ununue kisichozaa. Mnazi hutoa nazi, mkorosho hutoa korosho, ng'ombe hutoa maziwa, na shamba lenye hati hubaki kwa wajukuu. Dhahabu huhifadhi, lakini haizai. Mahali pake ni kando ya vitu hivyo, wala si badala yake.

Nne, jihadhari na mtu anayekuletea dhahabu kwa bei iliyo chini sana ya bei ya soko. Bei ya dhahabu hutangazwa dunia nzima kila siku. Mwenye dhahabu ya kweli hana haja ya kukutafuta wewe usiku. Angempelekea sonara mchana.

Na tano, ambalo latuhusu sote kama raia: tuizoee habari ya bajeti na ya madeni ya serikali kama tunavyoizoea habari ya mvua. Serikali inapotumia zaidi ya inachokusanya, na pengo likajazwa kwa fedha mpya, hakuna kodi itakayotangazwa, wala mtoza kodi hatabisha hodi mlangoni. Lakini kodi hiyo italipwa, na atakayelipa zaidi ni mwenye noti chache zilizofungwa katika pindo la kanga, kwa sababu hana hesabu ya dola, hana shamba la kukodisha, wala hana njia ya kukimbilia.

Basi, mabibi na mabwana, sonara akiwatajia bei ya kushangaza, msimshangae yeye wala mizani yake. Muulizeni kwanza dhahabu ile ilikuwa shilingi ngapi mwaka jana na miaka kumi iliyopita, kisha rudini nyumbani mkalinganishe na bei ya unga na mshahara wa kibarua wa miaka hiyohiyo. Anayejua hesabu hiyo hatauza kwa pupa, wala hatanunua kwa hofu.